Santuri ya Mnara Niliyoikimbiza

Vijana mnaoshika mitambo ya sauti kwenye maharusi, mikutano ya injili na kampeni za uchaguzi, mimi nawasikia. Nakaa Mafiga, na kila Jumamosi hakuna namna ya kutowasikia. Mwili wangu umestaafu lakini masikio mmeyakatalia kustaafu. Nasikia maikrofoni inavyopiga mluzi kwa sababu mmeielekeza kwenye spika, nasikia besi inavyotetemesha bati la jirani, na moyoni nasema: hawa ni wanangu kabisa. Wanakosea kama nilivyokosea mimi, ila wao wanakosea kwa sauti kubwa zaidi.

Naitwa Hamisi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa fundi mitambo wa bendi ya kiwanda cha magunia ya katani, hapa hapa Morogoro. Kiwanda kilikuwa cha umma, kwa hiyo bendi nayo ilikuwa ya umma, na kosa langu, ambalo ndilo hasa nataka kuwasimulia, likawa la umma vilevile.

Sikuajiriwa kwa ajili ya muziki. Niliajiriwa kama fundi umeme wa mashine za kusokota. Siku moja Meneja Utumishi, ambaye sisi tulimwita Bwana Utumishi, aliniita ofisini akaniuliza kama najua kutengeneza amplifaya. Nikajibu najua. Nilikuwa sijawahi kuigusa. Lakini zama zile ukisema hujui unaandikwa mzembe, na ukisema unajua unaandikwa fundi mkuu. Nikatoka mle ndani nikiwa fundi mkuu, nikaenda moja kwa moja kumtafuta mtu wa kunionyesha amplifaya inafananaje.

Mtu huyo alikuwa Deo, mpiga gitaa la solo. Alikuwa Mluguru wa Matombo, mwembamba, mpole, aliyefundishwa gitaa na katekista wa misheni na kushuka mjini kutafuta kazi. Mchana alikuwa anafunga marobota ya magunia, jioni anafanya mazoezi. Aliniketisha akanionyesha waya upi unaingia wapi. Hakunicheka hata kidogo. Akasema tu, "Fundi, ukiona moshi, zima kwanza, halafu ndiyo ufikiri." Kama hamtakumbuka kingine chochote katika maneno yangu, kumbukeni hilo la Deo.

Sasa, mnaniuliza kuhusu muziki wa miaka ya sabini, mkidhani wazee wote wa Morogoro tulikuwa watu wa dansi peke yake. Dansi lilikuwepo, na lilikuwa kubwa. Lakini Jumapili mchana kulikuwa na bugi, muziki wa vijana wa kurukaruka, na bugi halikuwa la wazee. Vijana walikuja na suruali zenye miguu mipana kama mabomba ya mvua, na viatu vyenye soli ndefu hivi kwamba kijana akianguka alikuwa anaanguka mara mbili. Walitaka roki. Sisi tulikuwa na nyimbo za kusifu mavuno ya katani.

Roki ilitufikia kwa lori. Barabara ya Zambia inapita mlangoni kwetu, na dereva mmoja Mzambia gari lake lilizima taa pale njia panda. Nilimtengenezea. Akanishukuru kwa santuri tatu kubwa, zile pana kama sinia. Majina yake yalikuwa ya Kiingereza cha kupindapinda, kila mtu akayasoma kivyake, mwishowe tukaziita kwa picha za kwenye majalada. Kulikuwa na ile ya Samaki, ile ya Punda, na ile ya Mnara. Hadi leo, mtu akiniuliza santuri bora za roki duniani, najibu ni tatu, na zote zilitoka kwenye lori moja.

Ile ya Samaki ilikuwa ya vijana wa kwao Zambia. Gitaa lake lilikuwa linakwaruza kama msumeno unaokata bati. Niliposikia mara ya kwanza nilisema spika imechanika. Nikaifungua, nikaikagua, nikaifunga, bado inakwaruza. Nikabadilisha waya, nikabadilisha sindano. Nilifanya kazi siku nzima. Deo alikuja, akasikiliza huku amefumba macho, akasema, "Fundi, acha. Huo ndio utamu wenyewe."

Basi ili na sisi tupate utamu huo ikabidi nichukue spika nzima na kuichana kwa wembe. Lakini spika ilikuwa mali ya umma. Ilibidi nijaze fomu. Palipoandikwa "sababu ya uharibifu" nikaandika: "Ili isikike mbovu." Fomu ikarudi kutoka kwa Bwana Utumishi ikiwa na mhuri na maneno ya wino mwekundu: "Imeidhinishwa. Hakikisha ubovu unakuwa wa kiwango."

Ile ya Punda sina mengi ya kuisema, ilikuwa na wimbo mmoja uliochukua upande mzima. Watu walicheza, wakachoka, wakakaa, wakasimama tena, wimbo ni ule ule.

Lakini ile ya Mnara! Jaladani kulikuwa na wanaume wanne wa Kizungu, nywele hadi mabegani, wamesimama chini ya mnara wa chuma katikati ya shamba. Wimbo wake wa kwanza, wapiga gitaa wote wa mji huu waliuota. Na hapo ndipo mimi nilipoharibu.

Mashine yetu ya kupigia santuri ilikuwa na swichi ya mwendo, na pembeni yake namba mbili: thelathini na tatu, na arobaini na tano. Swichi ilikuwa imelegea, inaruka yenyewe. Santuri zetu zote za dansi zilikuwa zile ndogo, na ndogo huzunguka kwa mwendo wa arobaini na tano, basi nikaifunga swichi hapo hapo kwa waya wa shaba na kuimwagia risasi ya kuungia nyaya juu isicheze tena milele. Kazi safi. Bado naisifu. Tatizo ni kwamba santuri kubwa huzunguka kwa ile namba ndogo, polepole. Mimi sikujua. Nilidhani namba kubwa ni ya mashine ikiwa mpya, na ndogo ni ya mashine ikizeeka.

Tukaiweka ile ya Mnara. Gitaa likatoka mbio kama mbuzi aliyekatika kamba. Deo akainamisha kichwa, akasikiliza, akaniuliza, "Fundi, mbona kama hawa watu wanakimbia?"

Hapo ningesema sijui. Neno dogo tu. Lakini nilikuwa fundi mkuu.

"Ulaya kuna baridi, Deo," nikamjibu. "Ukipiga polepole vidole vinaganda."

Akaniamini. Ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba aliniamini. Alikaa na wimbo ule miezi sita. Kila jioni, akitoka kufunga marobota, anakaa mbele ya mashine, anasikiliza kipande, anakirudia kwa gitaa, anashindwa, anarudia. Alichubuka ncha za vidole. Mke wake alikuwa anampashia maji ya chumvi. Siku alipoweza kuumaliza wote bila kukosea, alilia mbele yetu, na mimi nikampongeza kama mwalimu.

Kulikuwa na jambo jingine. Sauti ya mwimbaji kwenye santuri ilikuwa nyembamba, ya juu sana. Tukakubaliana kuwa ni mwanamke. Tukalitazama jalada: wanaume wanne. Tukabishana siku nzima ni yupi kati yao ndiye mwanamke. Kiongozi wa bendi akamchagua wa pili kutoka kushoto, kwa sababu alikuwa na mabega madogo, na suala likafungwa.

Lakini bendi yetu haikuwa na mwimbaji wa kike. Alikuwepo Tatu, mpishi wa kantini, binti wa hapa hapa Mafiga, ambaye alikuwa anaimba huku anasugua masufuria mpaka mashine za jirani zinasikika kama zinamwitikia. Mara mbili aliomba kujiunga, mara mbili akaambiwa bendi si jiko. Sasa santuri ikasema mwanamke anatakiwa. Aliitwa akiwa na aproni yake. Alisikiliza mara moja, akavuta pumzi, akapanda mle mle juu alipopanda yule Mzungu. Mwezi uliofuata aliacha masufuria.

Kiingereza cha wimbo hakuna aliyekielewa. Kwa mwendo ule, nadhani hata malkia wao asingekielewa. Tatu akatunga maneno ya Kiswahili yanayohusu gurudumu na uzi. Na ilikuwa bahati, maana Ofisa Utamaduni alikuja kukagua. Wakati huo muziki wa kigeni ulikuwa unatazamwa kama mzigo wa magendo. Alikaa kiti cha mbele na daftari, Deo na Tatu wakaupiga wote, jasho linawatiririka.

Ofisa akafunga daftari. "Wimbo huu," akasema, "unajenga nini?"

Bwana Utumishi, aliyekuwa amekaa pembeni yake, akasimama. "Unahimiza kasi ya uzalishaji, ndugu."

Ofisa akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. "Kasi nimeiona," akasema. Wimbo ukapita.

Kwa hiyo kila Jumapili mchana bwalo la kiwanda lilijaa hadi madirishani. Ili kupata mwangwi kama wa santuri, nilitumia tangi tupu la maji lililokuwa nyuma ya bwalo. Niliweka spika ndogo mwanzoni mwake na maikrofoni mwishoni, sauti inaingia kavu inatoka na mwangwi kama wa pangoni. Nyie leo mnabonyeza kitufe. Kitufe hakina mlinzi. Mlinzi wetu aligundua tangi lina kivuli kizuri, akaingia kulala, na katikati ya wimbo, Tatu akiwa juu kabisa, bwalo zima likasikia mtu anakohoa kwa sauti ya mungu. Nusu ya vijana walikimbia. Nusu nyingine walishangilia, na Jumapili iliyofuata walidai kikohozi.

Nimewaambia haya ili mjue tulivyokuwa tumefurahi. Halafu ikaja ruksa, biashara ikaachiwa huru.

Ruksa ilikuwa nzuri, msinielewe vibaya. Sabuni ilirudi madukani, sukari ilirudi, mitumba ilijaa, na kila mtu aliyekuwa anafanya biashara kwa kujificha akaanza kuifanya kwa kupiga kelele. Ila magunia ya plastiki nayo yalipata ruksa, na gunia la katani likaanza kuonekana kama babu kwenye harusi, anaheshimiwa lakini hakuna anayecheza naye. Mashine zikazimwa moja moja. Tukaambiwa kiwanda kitauzwa kwa mwekezaji.

Walimtuma karani kijana kuorodhesha mali. Alikuwa na adabu. Aliingia bwaloni, akatuamkia shikamoo wote kwa pamoja, akaanza kuandika. Gitaa besi, chakavu. Ngoma seti moja, chakavu. Spika moja, mbovu.

"Hiyo si mbovu," nikamwambia. "Hiyo niliichana mwenyewe. Kuna fomu."

Akanitazama kwa huruma, akaandika "mbovu" tena. Tatu alikuwa amekaa juu ya sanduku la spika. Akamuuliza, "Na mimi utaniandikaje, mwanangu?"

Kijana akapekua karatasi zake. "Mama, wewe uko idara ya chakula."

Kwenye karatasi, Tatu hakuwahi kutoka jikoni. Miaka yote ile ya kujaza bwalo, ofisini alikuwa bado anasugua masufuria. Tulicheka, yeye hakucheka.

Bwana Utumishi akatuita kikao. Akasema mwekezaji ni Mzungu, anakuja Jumamosi mchana, na kwamba yeye mwenyewe amepata habari nyeti kwamba ujana wake wote mtu huyo alikuwa mpenzi wa roki. "Mkimpigia ile ya Mnara," akasema, "akalia kidogo, bendi inabaki, bwalo linabaki, na mimi ninabaki." Hilo la mwisho alilisema polepole, kama dua.

Tulikuwa na siku nne. Siku ya kwanza nilikwenda sokoni kununua mchicha. Kijana mmoja alikuwa na meza ya kanda zilizotoka Dubai, redio kaseti yake inaunguruma. Nikiwa nimeshika fungu la mchicha nikasikia sauti nzito ya mwanamume, ya mtu mnene aliyeshiba, inaimba taratibu. Sikujali. Halafu likaingia gitaa, linatembea kwa madaha, bila haraka yoyote. Miguu yangu ikalitambua kabla ya kichwa. Ile ilikuwa ya Mnara. Ilikuwa nota kwa nota, ila imetulia kama mtu anayetoka msikitini.

Nikasimama pale hadi wimbo ukaisha.

"Shikamoo mzee," kijana akaniambia. "Unanunua au unaomboleza?"

Nikanunua. Nikaenda bwaloni nikaifungua ile mashine ya santuri, nikaitazama swichi yangu chini ya risasi, inang'aa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikaisoma ile namba nyingine.

Vijana, mngeweza kunyamaza. Mimi pia niliweza, nilinyamaza siku mbili nzima. Nilijiambia Mzungu hatagundua. Halafu nikajiambia Mzungu ndiye pekee atakayegundua, kwa kuwa ni wa kwao, na atacheka, na atakayechekwa ni Deo, si mimi niliyejificha nyuma ya amplifaya. Siku ya tatu niliwaita Deo na Tatu bwaloni, nikaweka kanda kwenye redio kaseti yangu.

Waliisikiliza yote. Tatu ndiye aliyeelewa kwanza. Aliweka mkono mdomoni. "Kumbe ni dume!"

"Ni dume," nikasema.

"Yupi? Wa pili kutoka kushoto?"

"Sijui, Tatu. Yeyote."

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Kwa hiyo ile nafasi haikuwa yangu. Nilipewa kwa makosa."

"Kwa makosa yangu," nikasema.

"Mwendo ulikuwa wako, kaka Hamisi. Sauti ni yangu." Akajifunga kanga vizuri, kama mtu aliyemaliza mazungumzo.

Deo alikuwa hajasogea. Alikuwa anatazama vidole vyake. Nikamweleza habari ya swichi, waya wa shaba, namba mbili, na ile baridi ya Ulaya niliyoitunga. Alisikiliza bila kunikatiza, kama alivyosikiliza kila kitu maishani.

"Miaka yote hii," akasema mwishowe, "umenikimbiza."

Akachukua gitaa akatoka. Tangu saa ile hakusema nami moja kwa moja. Keshoye mazoezini alikuwa anasema, "Tatu, mwambie fundi apunguze besi," mimi nikiwa nimesimama pale pale, hatua mbili kutoka kwake. Tatu ananigeukia: "Punguza besi." Nami najibu, "Mwambie nimepunguza." Ndivyo tulivyofanya kazi.

Walijaribu kuupiga kwa mwendo wa kweli. Haukukubali. Vidole vya Deo vilikuwa vinafika kabla ya wakati, vinasubiri, vinakasirika, vinaondoka. Tatu alijaribu kushuka hadi ile sauti nzito, akatoa mlio kama wa ng'ombe aliyemeza sabuni. Jua linataka kuzama Deo akazima amplifaya yake. "Tatu, mwambie fundi tutaupiga kama tulivyoupiga siku zote. Mzungu akicheka, acheke."

Jumamosi mchana bwalo lilijaa. Wafanyakazi walikuja na wake na waume zao, watu wa mjini walikuja, hata mama wauza mboga walioshuka mlimani asubuhi walikaa nyuma na vikapu vyao vitupu. Mwekezaji alikuwa mrefu, mwekundu, mwenye heshima, na Bwana Utumishi alikaa sikioni mwake kama mkalimani. Hotuba zikasomwa. Halafu Deo akasogea mbele.

Nimefanya kazi kwenye maonyesho mengi ya muziki, mengine ya bendi zenye magari yao wenyewe. Sijaona tena kama lile. Deo alipiga kama mtu anayemdai mtu. Tatu alipanda hadi mahali ambapo hajawahi kufika, akakaa huko huko, akiwatazama mameneja mmoja mmoja. Watu walisimama juu ya viti. Mimi nyuma ya mitambo nilikuwa naomba waya zisiungue.

Walipomaliza, Mzungu alisimama akapiga makofi kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa yamelowa. Bwana Utumishi alinyanyua kidole gumba kuelekea kwetu. Mzungu akasema maneno mengi, na Bwana Utumishi akachukua maikrofoni kututafsiria.

"Mgeni wetu anasema," akaanza, kisha akasita. "Anasema katika maisha yake hajawahi kusikia ngoma ya asili ya Kiluguru nzuri kama hii."

Mzungu akaongeza neno, Bwana Utumishi akaendelea.

"Anauliza ni ya mavuno au ya jando." Hakusubiri jibu. Akamgeukia Mzungu, akajibu mwenyewe, nami neno moja nikalishika: mavuno. Mzungu akafurahi zaidi, akasema tena. "Anasema angependa bendi ibaki, iwe inawachezea wageni wake. Ila muondoe magitaa ya umeme, yanaharibu uasilia. Na mtavaa majani."

Deo alikuwa Mluguru pekee katika bendi nzima. Akasogea kwenye maikrofoni yake. "Mwambie," akasema kwa upole wake ule ule, "ngoma za babu zangu nazijua, na hii si mojawapo. Hii ni ya kwao."

Bwana Utumishi alitabasamu, akamnong'oneza Mzungu kitu kirefu. Sijui alisema nini, lakini Mzungu alimwinamia Deo kwa heshima kama anavyoinamiwa mganga. Nikajua hajaambiwa ukweli, na kwamba nikinyamaza, Deo atavaa majani kwa ajili ya waya wangu wa shaba.

Kanda ilikuwa ndani ya redio kaseti, nimeiunga kwenye mitambo. Nikabonyeza.

Ile sauti nzito ikajaza bwalo, taratibu. Mzungu akageuka. Mwanzoni alitabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Halafu likaingia gitaa. Akamtazama Deo. Akatazama spika. Akamtazama Deo tena, safari hii vidole vyake. Uso ulimwiva kuliko ulivyokuwa. Wafanyakazi nao walianza kuelewa, minong'ono ikaenea kiti hadi kiti, mtu mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe hawa wenyewe hawauwezi!" na bwalo likalipuka kwa kicheko.

Mzungu alipanda jukwaani. Alimshika Deo mkono kwa mikono miwili. Alisema, na safari hii Bwana Utumishi alitafsiri vizuri kwa kuwa hakuwa na ujanja mwingine, kwamba ujanani alijaribu kuupiga wimbo ule kwa mwendo wa kawaida miaka mitatu, akashindwa, akauza gitaa na kuingia kwenye biashara. Akaomba kupiga picha na Deo. Wakapiga. Habari ya majani hakuitaja tena.

Tulirudi nyumbani tunaimba. Wiki tatu baadaye tulipata barua za kuachishwa kazi, kila mtu yake, zote zinafanana. Bwalo lilijazwa marobota ya mitumba mpaka darini. Bwana Utumishi alikuwa kweli amebaki. Yeye ndiye aliyekuwa anashika ufunguo.

Tatu alikwenda kuimba kwenye bendi ya baa moja mjini, baadaye akawa na kundi lake la harusi, na mkataba wa kwanza alioandika kwa mkono wake ulisema waziwazi, mstari wa juu kabisa: mwimbaji. Mimi nilifungua kibanda cha kurekodi kanda karibu na stendi, kazi iliyonisomeshea watoto. Kila mteja nilikuwa namuuliza mwendo kabla sijaanza, mpaka wakanichoka.

Deo alipanda kwao Matombo, kwenye migomba na mdalasini. Hakuniaga.

Ilinichukua mwaka mzima kupata ujasiri wa kumfuata. Nilipanda gari la mizigo lililokuwa linakwenda kuchukua ndizi, barabara ilikuwa mashimo matupu, na nilipofika nilikuwa nimesahau nusu ya maneno niliyoyapanga. Nikamkuta uani, anapasua kuni. Alikuwa amezeeka kidogo. Mke wake alinikaribisha vizuri, kisha akaingia ndani kwa makusudi.

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Kwamba sikujua, kwamba niliona aibu kusema sijui, na kwamba kama ningeweza kumrudishia ile miezi sita ningemrudishia. Yeye alipanga kuni zake moja juu ya nyingine mpaka rundo likakaa sawa. Hakukuwa na Tatu wa kutupelekea maneno.

"Deo," nikamuuliza, "umenisamehe?"

Alijifuta mikono kwenye suruali, akakivuta kigoda, akakiweka mbele yangu.

"Sijakusamehe," akasema. "Kaa. Chakula kinakuja."